Sura ya Tano: Chozi Linalozunguka Mara 78

Aria ya Kiitaliano ikiingizwa kwenye mitandao ya muziki siku hizi, huvishwa lebo tatu. Ya kwanza ni mwendo, yaani mapigo mangapi kwa dakika. Ya pili ni ufunguo: C meja, A maina, na kuendelea. Ya tatu ndiyo yenye ujasiri kuliko zote, kwa sababu inadai kuujua moyo wa wimbo, kama una furaha au huzuni, na jibu lake hutolewa kwa desimali, kuanzia sifuri hadi moja. Hakuna mtu aliyekaa akasikiliza. Programu imechambua mawimbi ya sauti, imetoa hesabu yake, imehamia wimbo unaofuata.

Ufundi huu ulipata nguvu baada ya mwaka 2005, pale Tristan Jehan na Brian Whitman, wasomi wawili waliotoka chuo cha MIT, Marekani, walipoanzisha kampuni ya Echo Nest. Spotify iliinunua mwaka 2014, na hesabu zake zikasambaa kila mahali. Kwa muziki wa klabu, wenye ngoma ya kompyuta isiyoyumba hata chembe, hesabu hizo hazina ubishi. Ngoma iko 120, programu inasema 120, na mchezesha muziki anaunganisha wimbo na wimbo bila mtu kugundua. Opera ni mambo mengine. Huko mwimbaji huvuta, huachia, husimama kabisa juu ya noti moja huku okestra nzima ikimtazama mdomoni.

Sura hii inaifuata aria moja tu, "Una furtiva lagrima" ya Gaetano Donizetti, jina ambalo maana yake ni chozi lililodondoka kwa siri. Imerekodiwa na karibu kila teno mwenye jina tangu santuri zianze kuuzwa. Na katika rekodi zake za zamani kuna jambo ambalo lebo zile tatu hulificha: mwendo, ufunguo na hali, vinavyoandikwa kama vitu vitatu, kwenye gramafoni vilikuwa kitu kimoja, na kilishikwa na kidude kimoja cha kurekebishia kasi ya kisahani.

Aria hiyo inatoka katika L'elisir d'amore, opera ya kuchekesha iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Milan tarehe 12 Mei 1832, kwenye ukumbi wa Teatro della Canobbiana. Nemorino, kijana wa shamba asiye na kitu, anampenda Adina, mwenye mashamba, msichana anayejua kusoma. Anauziwa dawa ya mapenzi na mganga wa kupita njia aitwaye Dulcamara. Dawa yenyewe ni divai ya Bordeaux. Inapoisha bila matokeo, Nemorino anajiandikisha jeshini ili apate pesa ya chupa ya pili. Wakati huohuo mjomba wake anafariki na kumwachia mali nyingi, habari inawafikia wasichana wa kijiji kabla ya kumfikia yeye, na ghafla wote wanamzingira. Adina anaona, na chozi linamtoka. Nemorino analiona chozi lile, anabaki peke yake jukwaani, na hapo ndipo anapoimba.

Tuangalie kilichoandikwa kwenye nota. Mwendo: Larghetto, maana yake polepole kiasi, bila namba yoyote. Kipimo: sita kwa nane. Ufunguo: B-flati maina, wenye flati tano. Kinachotangulia ni basuni, ala ndefu ya mbao yenye sauti ya kukwaruza kidogo, ambayo katika opera za kuchekesha za Kiitaliano kwa kawaida ilipewa kazi ya kuwatania vikongwe na walevi. Hapa inaimba peke yake kama mtu mzima anayejizuia kulia, kinubi kikiisindikiza na nyuzi zikidonolewa kwa vidole. Ubeti wa kwanza unaanzia kwenye maina hiyo kisha unafunguka kuingia D-flati meja. Ubeti wa pili unaanzia palepale, lakini safari hii unaishia B-flati meja, nyumbani kwa maina ile lakini taa zikiwa zimewashwa.

Felice Romani, aliyeandika maneno ya opera hiyo, hakuupenda wimbo huu. Mkewe, Emilia Branca, alisimulia baadaye kwamba Romani aliona kituko mkulima mjinga kusimama katikati ya vichekesho na kuanza kuomboleza, lakini Donizetti alishikilia uzi wake hadi akapewa. Romani alikuwa na hoja. Kila kitu jukwaani wakati huo kinakimbilia mwisho mwema, na mwimbaji mwenyewe anaimba habari njema kuliko zote alizowahi kuzipata: anapendwa. Kuivisha habari hiyo ufunguo wa maina na sauti ya basuni ni uamuzi ambao mtunzi wa kawaida asingeuthubutu. Tutaurudia, maana hapo ndipo programu inapoanguka, na si programu peke yake.

Sasa twende Milan, Aprili 1902.

Fred Gaisberg, Mmarekani aliyefanya kazi kwa kampuni ya Gramophone and Typewriter ya London (ndiyo, iliuza pia mashine za kupiga chapa), alikuwa amepanga vyumba katika Grand Hotel, hoteli ileile ambamo Giuseppe Verdi alifariki Januari 1901. Alikuwa amemsikia Enrico Caruso, teno wa Napoli mwenye miaka 29, akiimba La Scala, ukumbi wa opera wa mji huo. Caruso aliomba pauni 100 kwa nyimbo kumi. Gaisberg anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba makao makuu London yalimjibu kwa simu ya maandishi, yakisema bei hiyo ni ya kuvunja mgongo na kumkataza kurekodi. Hakutii. Caruso alikuja alasiri moja yenye jua, akaimba zote kumi kwa muda wa saa mbili, akaondoka kwenda kula.

Mojawapo ya zile kumi ilikuwa "Una furtiva lagrima", na haikuwa ngeni kinywani mwake. Mwaka mmoja kabla, Februari 1901, ni opera hiyohiyo iliyompa sifa La Scala chini ya uongozi wa Arturo Toscanini. Desemba mwaka huohuo aliipeleka nyumbani, ukumbi wa San Carlo wa Napoli, na watu wa kwao wakampokea kwa ubaridi uliomuuma kiasi cha kuapa kutoimba tena katika mji huo. Aliitimiza ahadi hiyo.

Chumba cha hoteli hakikuwa na maikrofoni, kwani maikrofoni ya kurekodia santuri ilikuja mwaka 1925. Kulikuwa na pembe kubwa ya bati iliyotoka ukutani. Mwimbaji aliimba ndani yake kwa nguvu, sauti ikatikisa kiwambo chembamba, kiwambo kikasukuma sindano, sindano ikachora mfereji kwenye sahani ya nta inayozunguka. Piano iliwekwa juu ya masanduku ya mizigo ili ilingane na pembe. Mwimbaji alisogea karibu kwa noti za chini na kurudi nyuma kwa noti za juu, la sivyo sindano iliruka. Huyo ndiye mtu ambaye leo programu inampimia "nguvu ya sauti" kama kwamba alikuwa amesimama studio.

Kisha kuna saa. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba dakika tatu hivi, na ule wa inchi kumi na mbili dakika nne na ushee. Aria hii ikiimbwa jukwaani kwa mwendo wake wa kawaida huchukua karibu dakika tano. Kwa hiyo teno alikuwa na njia chache: akate utangulizi wa basuni, aache ubeti, au aharakishe. Wasomaji wa nota wanaosikiliza santuri za enzi hizo na kusema "watu wa kale walipenda mwendo wa haraka" wangefanya vizuri kuikumbuka nta iliyokuwa ikielekea ukingoni. Mwendo wa kwenye santuri mara nyingi ulikuwa shauri kati ya Larghetto ya Donizetti na kipenyo cha sahani.

Waafrika Mashariki wana mfano wao wa karibu kuhusu jambo hili. Kampuni ile ya Gaisberg, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa ikiuza chini ya chapa ya His Master's Voice, ndiyo iliyomchukua Siti binti Saad wa Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kumrekodi. Zama za pembe zilikuwa zimepita, maikrofoni ilikuwapo, lakini santuri ilikuwa ileile yenye dakika zilezile. Taarabu ambayo barazani hupumua kwa muda mrefu, watu wakituza na kurudisha ubeti, ilibidi ikunjwe ikaenea upande mmoja. Mtu anayeujua mwendo wa Siti kwa santuri peke yake anaujua mwendo wa Siti aliyekuwa akiwahi.

Lakini urefu wa santuri ni tatizo dogo ukilinganisha na kasi yake.

Watu huziita santuri hizo "za 78", wakimaanisha mizunguko 78 kwa dakika. Namba hiyo ilikuja kuwa ya kudumu pale mota za umeme zilipoingia: Marekani, mota ya mizunguko 3,600 iliyopunguzwa kwa giya ya 46 hutoa 78.26, na huko kwenye umeme wa hezi 50 ikatoka 77.92. Kabla ya hapo kila chumba cha kurekodia kilikuwa na mtambo wake, mara nyingi ukiendeshwa na uzito ulioning'inia kama wa saa ya ukutani, na kila fundi alikuwa na mazoea yake. Santuri za miaka ya 1900 zilichongwa kwa kasi tofautitofauti, kutoka mizunguko 70 hivi hadi kupita 80. Sahani moja na nyingine za siku ileile huweza kutofautiana. Na ndiyo sababu gramafoni za nyumbani zilikuwa na kidude kile cha kurekebishia: mwenye nyumba alitarajiwa kusikiliza, kukisogeza, na kuamua.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme aria imechongwa kwa mizunguko 74, kisha mtu anaicheza kwa 78.26. Kila kitu kinakwenda haraka kwa takriban asilimia 5.8. Sasa, katika muziki wa Ulaya nusu toni moja ni ongezeko la takriban asilimia 5.9 ya mtikisiko. Maana yake B-flati maina imepanda karibu nusu toni kamili na kuwa B maina. Wimbo wa dakika nne na nusu umekuwa wa dakika nne na robo. Mtetemo wa sauti ya mwimbaji, ambao kwa waimbaji wazuri huenda mara tano hadi saba kwa sekunde, umekuwa wa harakaharaka. Irabu zimebadilika, kwa sababu umbo la koo na mdomo linalosikika ndani ya sauti nalo limepandishwa. Caruso, ambaye sauti yake ilikuwa nzito na nyeusi, karibu na ya baritoni, anageuka kijana mwembamba mwenye wasiwasi. Hakuna aliyemgusa. Kisahani tu kimekwenda kasi.

Hapo ndipo lebo tatu zinapobadilika kwa pamoja, na zote kwa upande uleule: mwendo juu, ufunguo juu, hali kuwa ya kuchangamka zaidi.

Mafundi wanaosafisha santuri za zamani wana njia ya kwanza ambayo yeyote angeifikiria: tafuta ufunguo kwenye nota, kaa na piano, punguza kasi hadi Caruso alingane na B-flati. Inaridhisha sana. Ila inasimama juu ya dhana moja, kwamba mwimbaji aliimba kwenye ufunguo ulioandikwa. Na waimbaji wa opera wamekuwa wakishusha nyimbo tangu opera izaliwe, kama vile mwalimu wa kwaya anavyoshusha kii Jumapili asubuhi akiona sauti ya kwanza haijaamka.

Mfano unaojulikana ni "Che gelida manina" ya La bohème, opera ya Puccini ya mwaka 1896. Imeandikwa D-flati meja na ina C ya juu ambayo teno huiota usiku. Wengi huishusha nusu toni nzima, wimbo ukawa C meja na noti ile ya kutisha ikawa B. Mhudhuriaji wa kawaida hagundui. Fundi akiipata santuri isiyo na maelezo na kuiona iko C meja, atajiuliza: mwimbaji alishusha, au kisahani kinakwenda polepole? Akiipandisha hadi D-flati huenda amempa teno zawadi ya C ya juu ambayo hakuiimba kamwe. Zipo sifa kadhaa katika historia ya uimbaji ambazo huenda zimepatikana hivyo.

Hata nota zenyewe hazikubaliani. "Casta diva" ya Bellini, kutoka Norma, ilionyeshwa La Scala tarehe 26 Desemba 1831, miezi isiyotimia mitano kabla ya kazi ya Donizetti, na maneno yake pia ni ya Romani yuleyule. Bellini aliiandika kwa mkono wake katika G meja. Giuditta Pasta, mwimbaji wa kwanza, aliiimba toni nzima chini, F meja, na huko ndiko ilikobaki. Maria Callas aliirekodi mara kadhaa katika F. Joan Sutherland, katika rekodi yake ya mwaka 1964, aliirudisha G. Weka rekodi hizo mbili pamoja na utasikia kitu ambacho namba haielezi: katika F sala ile inatoka kifuani, nzito, kama ya mama mwenye siri, katika G mwezi umepanda juu kidogo na sauti imekuwa ya fedha. Ni noti zilezile. Mwandishi huyu anaipenda F, ingawa muswada uko upande wa Sutherland.

Kuna ugomvi wa tatu chini ya yote haya. B-flati ni nini hasa? Mwaka 1832 kila mji wa Italia ulikuwa na B-flati yake, kutegemea waunda ala na mapenzi ya wakubwa wa ukumbi. Ufaransa iliweka kipimo cha taifa mwaka 1859, noti ya A ikiwa na mitikisiko 435 kwa sekunde. Italia, Verdi akiunga mkono, ilipitisha 432 mwaka 1884 kwa bendi za jeshi. Mkutano wa London wa mwaka 1939 ukaleta 440, na leo okestra nyingi zimejisogeza hadi 442. Kati ya 432 na 440 kuna karibu theluthi moja ya nusu toni. Piano iliyopandishwa juu ya masanduku hotelini Milan ilipangwa kwa kipimo kipi? Fundi anayedai kuijua kasi ya sahani ile kwa uhakika wa sehemu ya mia anadai pia kumjua mpanga piano.

Wazoefu hawategemei dalili moja. Husikiliza mtetemo kama uko ndani ya mipaka ya binadamu, husikiliza irabu, hulinganisha na sahani nyingine za siku ileile zenye namba zinazofuatana, huangalia ni wapi mwimbaji alikuwa na mazoea ya kushusha. Kompyuta imesaidia, na mapema kuliko watu wanavyodhani: Thomas Stockham, wa Chuo Kikuu cha Utah, alitumia kompyuta miaka ya 1970 kuondoa mwangwi wa ile pembe ya bati kwenye santuri za Caruso, na kampuni ya RCA ikatoa matokeo mwaka 1976. Pembe ilipenda baadhi ya noti na kuzichukia nyingine, na Stockham alipiga hesabu ya upendeleo huo kisha akautoa. Alichobakiza kilikuwa karibu zaidi na mtu. Kasi ya sahani, hata hivyo, bado iliamuliwa na sikio.

Turudi sasa kwenye programu, na tuipe rekodi safi isiyo na mashaka ya kasi, mathalani ya Luciano Pavarotti, aliyeirekodi L'elisir d'amore nzima mwaka 1970 pamoja na Sutherland. Opera hiyo ilikuwa kama mali yake: tarehe 24 Februari 1988, Deutsche Oper ya Berlin, aliitwa mbele ya pazia mara 165 baada ya kuiimba, makofi yakidumu saa moja na dakika saba. Studio ya kampuni ya Decca, iliyomrekodi, haina kisahani kinachoyumba. Je, sasa lebo zitatulia?

Tuanze na mwendo. Sita kwa nane inahesabika kwa njia mbili: mapigo sita madogo au mawili makubwa, kila kubwa likimeza madogo matatu. Chukua madogo yaende 72 kwa dakika. Makubwa yatakuwa 24. Programu nyingi haziangalii chini ya 60 au karibu na hapo, kwa hiyo 24 haitafikiriwa kabisa, ingawa ndiyo hesabu iliyo karibu na jinsi mwili wa msikilizaji unavyoyumba. Mara nyingi nazo hukosea kwa kuzidisha mbili, zikaona 144, na wimbo wa polepole hivi ukawekwa kwenye orodha ya mazoezi ya kukimbia. Hapo bado hatujamgusa mwimbaji, ambaye hakai kwenye namba yoyote. Mwishoni mwa aria kuna kadenza, pale okestra inapokaa kimya na teno anapamba atakavyo. Mapigo hayapo. Programu hutafuta pigo pasipo pigo, na kwa uaminifu wake wote hulipata.

Ufunguo nao una mkasa wake. Mwaka 1982 Carol Krumhansl wa Cornell na Edward Kessler walichapisha majaribio ambamo wasikilizaji walisikilizishwa ufunguo kisha noti moja, wakaulizwa noti hiyo inakaa vizuri kiasi gani. Majibu yao yalitoa picha mbili, ya meja na ya maina, kila moja yenye thamani kumi na mbili. Picha hizo, na ndugu zake waliozaliwa baadaye, zimo ndani ya programu nyingi zinazotaja ufunguo: wimbo mzima unahesabiwa noti zake, kisha picha inayofanana nao zaidi inashinda. Sasa, B-flati maina na D-flati meja zina flati tano zilezile. Ni kama ndugu wanaovaa shati moja kwa zamu. Aria inaanzia kwa mmoja, inamtembelea mwingine, inarudi, na kumalizia B-flati meja, ufunguo wa tatu wenye flati mbili. Programu inalazimika kuchagua mmoja. Lolote itakalochagua litakuwa kweli kwa sehemu ya wimbo, na safari yenyewe, ambayo ndiyo kazi ya Donizetti, itakuwa imefutwa.

Na hali? Mwendo wa taratibu, ufunguo wa maina, sauti laini. Programu itasema huzuni, na itasema kwa kujiamini. Wengi wasiojua Kiitaliano husema hivyohivyo. Woody Allen aliitumia rekodi ya Caruso katika filamu ya Match Point ya mwaka 2005, hadithi ya tamaa na mauaji, na aria ikakaa humo kama iliyotungwa kwa ajili hiyo. Hakuna mtu ukumbini aliyewaza habari za mkulima aliyefurahi.

Kinyume chake kipo, na ni maarufu vilevile. "Che farò senza Euridice", kutoka Orfeo ed Euridice ya Gluck iliyoonyeshwa Vienna mwaka 1762, ni wimbo wa mume aliyempoteza mkewe mara ya pili, na uko C meja, ufunguo mweupe kuliko funguo zote. Mwaka 1854 mhakiki Eduard Hanslick alisema kwa ukali kwamba muziki huo ungemfaa vizuri, pengine hata zaidi, mume aliyempata mkewe. Gluck mwenyewe alikuwa ameliona shimo hilo mapema. Katika dibaji ya opera yake nyingine mwaka 1770 aliandika kwamba badiliko dogo tu katika namna ya kuiimba lingeigeuza aria hiyo kuwa saltarello ya vikaragosi, ngoma ya kurukaruka. Maneno hayo yangefaa kubandikwa juu ya kila kidude cha kurekebishia kasi: Orfeo ana asilimia chache tu kati ya msiba na sarakasi.

Donizetti alifanya kinyume cha Gluck kwa sababu ya jukwaa. Nemorino anashangilia, lakini anashangilia machozi ya mtu mwingine. Maina ni ya Adina, ni ya chozi lenyewe, na pale kijana anapoelewa maana yake ndipo meja inapofunguka, kwanza D-flati kwa kusitasita, kisha B-flati kwa moyo wote. Basuni haimtanii. Kipimo kimoja cha furaha kwa wimbo mzima hakiwezi kubeba watu wawili wenye hisia mbili, mmoja akiwa hayupo jukwaani.

Kisha yapo mambo ambayo hayamo kabisa ndani ya mawimbi ya sauti. Caruso aliirekodi aria hii tena kwa kampuni ya Victor, New York mwaka 1904 kwa piano, na Novemba 1911 kwa okestra. Tarehe 11 Desemba 1920 alikuwa Brooklyn, akiimba Nemorino, alipoanza kukohoa damu. Aliendelea, leso baada ya leso zikipitishwa kutoka pembeni mwa jukwaa, hadi sehemu ya kwanza ilipokwisha na onyesho likavunjwa. Aria iko sehemu ya pili. Usiku ule haikuimbwa. Alifariki Napoli tarehe 2 Agosti 1921, akiwa na miaka 48. Mashabiki wanaojua habari hiyo huisikia santuri ya 1911 kwa masikio mengine, ingawa mwaka 1911 mwimbaji alikuwa na afya tele na pengine alikuwa akiwaza chakula cha mchana, kama kawaida yake.

Novemba 2024 Spotify ilifunga mlango wa hesabu hizi kwa watengenezaji wapya wa programu, lakini namba zilizokwisha kuzagaa zinaendelea kunakiliwa. Na santuri moja ya Caruso haipo mtandaoni mara moja tu. Ipo iliyosafishwa na fundi makini aliyeishusha hadi B-flati, ipo iliyochezwa moja kwa moja kwa 78.26 na mtu mwenye haraka, ipo iliyochukuliwa kutoka kaseti ya mtu ambayo nayo ilikuwa na kasi yake. Kila moja hupimwa upya kama wimbo mpya. Mwenye kinanda nyumbani anaweza kuzifungua zote, kubonyeza B-flati chini ya noti ya mwisho ya kila moja, na kuona ni zipi zinazokubali.